Kopo la chenji: usikatwe hela yako kabla hujarudi nyumbani

ZUHURA: Haya karibuni tena jamani popote mlipo, mi Zuhura, niko na mdogo wangu Deo kama kawaida, na leo ni sarafu tu. Zile chenji zinazojaa kwenye kopo, kwenye droo, pale pa kuwekea kikombe ndani ya gari, mtu anaishi Marekani miaka na miaka kopo linazidi kuwa zito na hajui azifanyeje.

DEO: Shikamoo dada.

ZUHURA: Marahaba, za huko?

DEO: Salama tu, baridi. Hili swali linakuja sana hasa mtu akishakata tiketi ya kwenda nyumbani, ndo anakumbuka kumbe nina kibubu hapa, anauliza nizibebe nikabadilishie Dar?

ZUHURA: Usibebe. Yaani hilo tulimalize sasa hivi, maduka ya kubadilishia fedha Dar, Nairobi, wanachukua noti tu, sarafu hawazigusi kwa sababu hawana pa kuzipeleka. Noti atamuuzia mtu mwingine anayesafiri, sarafu nani atanunua? Utakuwa umebeba chuma, kilo zako za begi zimeliwa wakati ungeweka viatu vya watoto.

DEO: Kwa hiyo ni huku huku. Na wengi huku wanaenda kwenye ile mashine ya kijani iko mlangoni supamaketi, Coinstar. Unamwaga mzigo wote, inahesabu yenyewe, inakutolea risiti unaipeleka kwa keshia unapewa noti zako. Dakika chache umemaliza.

ZUHURA: Na inakata.

DEO: Inakata ndio.

ZUHURA: Waambie inakata ngapi.

DEO: Inategemea na mahali ila mara nyingi ni kama 12 mpaka 13 kwa mia, na sehemu nyingine wanaongeza na ada kidogo juu. Wanakuonyesha kwenye skrini kabla hujaanza, sio kwamba wanaficha.

ZUHURA: Hawafichi sawa, lakini watu hawapigi hesabu Deo. Dola 150, 13 kwa mia ni dola 19 na nusu. Hiyo ni kama elfu hamsini za kitanzania umeiacha mlangoni supamaketi. Kuna mtu huko nyumbani hiyo ni ada ya mtoto, ni dawa za mama. Mi inaniuma kwa kweli, kwa sababu hizi sarafu hazijaokotwa, ni tipsi za mtu aliyesimama masaa 10 mgahawani, ni chenji ya mtu anayejibana hata soda hanunui.

DEO: Nakuelewa ila dada mi nataka niwatetee hawa wanaopiga dabo shifti. Mtu ametoka nesing homu saa moja asubuhi, saa nane anaingia kazi nyingine, utamwambia akae chini ahesabu peni, zile za senti moja moja? Huo muda alale.

ZUHURA: Asihesabu. Apime.

DEO: Apime?

ZUHURA: Kwa mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga. Sikiliza, hapa ndo pazuri. Kwota, ile ya senti 25, ina gramu 5.67, daimu, ile ya senti 10, ina gramu 2.268, sasa ukipiga hesabu dola moja ya kwota na dola moja ya daimu zina uzito ule ule, gramu 22.68. Kwa hiyo huna haja hata ya kuzitenganisha ukitaka kujua una kiasi gani, weka kwota na daimu pamoja kwenye bakuli, kila kilo moja ni dola 44 na senti kidogo. Ratili moja, ile paundi yao, ni dola 20 kamili.

DEO: Aisee hii sikuwahi kuijua. Na nikeli?

ZUHURA: Nikeli, ile ya senti 5, ni gramu 5, kwa hiyo kilo ni nikeli 200, dola 10. Peni ni gramu 2 na nusu, kilo ni peni 400, dola 4 tu. Zile za kabla ya 1982 ni nzito zaidi kwa sababu ni shaba, hizi za baadaye ni zinki imepakwa shaba juu, ila tofauti haitakusumbua. Sasa ona, mtu ana kopo la kilo 6, ndani kuna kilo 3 za kwota na daimu, hiyo ni 132, kilo moja ya nikeli 10, kilo mbili za peni 8. Jumla 150. Ameshajua alichonacho ndani ya dakika 10 kabla hajatoka nyumbani, na mashine au keshia hawezi kumchanganya.

DEO: Na kwa wageni waliofika juzi juzi niseme kitu, hizi sarafu hazina namba. Kwetu mia imeandikwa 100, mia mbili 200, mtu hajui kusoma anaona tarakimu. Huku daimu imeandikwa kwa maneno tu, halafu ni ndogo kuliko zote lakini ni senti 10, nikeli kubwa kuliko daimu lakini ni senti 5. Watu wanatoa kubwa wakidhani ndo yenye hela.

ZUHURA: Kabisa, muhimu hiyo. Haya sasa ukishapima unaenda benki yako uliyofungua akaunti, unaomba karatasi za kufungia sarafu, nyingi wanakupa bure. Ya kwota inaingia 40, dola 10. Ya daimu 50, dola 5. Ya nikeli 40, dola 2. Ya peni 50, ambayo ni senti 50. Na rangi zinajulikana, kwota chungwa, daimu kijani, nikeli bluu, peni nyekundu. Unafunga ukiwa unaangalia mpira, watoto wanasaidia wanajifunza na hesabu, unapeleka dirishani, wanakuwekea kwenye akaunti au wanakupa noti bila kukata hata senti.

DEO: Ila sio benki zote, hapo tuwe wakweli. Kuna mtu alituandikia, alienda tawi moja wakamkataa wakamwambia sarafu hatupokei leo, na kweli matawi mengine hayataki kabisa ukiwa huna akaunti kwao. Piga simu kwanza. Uliza vitu viwili tu, mnapokea sarafu, na mnataka zimefungwa au hazijafungwa, maana wengine wana mashine yao ndani hawataki karatasi.

ZUHURA: Na hapo ndo nawapigia debe kredit yunioni. Hizi ni kama SACCOS zetu, wanachama ndo wenye mali, na nyingi zina mashine ya kuhesabia ambayo mwanachama anaitumia bure au kwa kidogo sana. Kufungua akaunti mara nyingi unaweka dola 5 au 25 kama hisa yako. Mi naona Mswahili yeyote anayekuja huku awe nayo, sio kwa ajili ya sarafu tu, hata mkopo wa gari riba yao mara nyingi iko chini.

DEO: Basi na mi niongeze ya wavivu, hata usipotaka benki. Ile ile mashine ya kijani, ukichagua gifti kadi, yaani kadi ya kununulia vitu kwenye duka fulani, badala ya noti, haikati kitu. Kuna ya Amazon na maduka mengine kadhaa. Kama ulikuwa tayari unataka kununua kitu huko, umepata hela yako kamili.

ZUHURA: Hiyo nakubali. Lakini mtu anayetaka cash kutuma nyumbani haimsaidii.

DEO: Haimsaidii kweli. Basi kuna hii nyingine, zile mashine za kujilipia mwenyewe supamaketi, zinazopokea hela taslimu. Una mboga za dola 12, unatumbukiza daimu na nikeli zako za dola 5 kwanza, zilizobaki unalipa kadi. Nenda usiku watu wamepungua, usiweke foleni ya watu nyuma yako wakuchukie.

ZUHURA: Na kwota usizimalize ndugu zangu. Kama unakaa apatimenti yenye mashine za kufulia za sarafu, kwota ni dhahabu, ukibadilisha zote Jumamosi unakuja kuzitafuta tena. Na jirani wengi watachukua karatasi nzima ya kwota wakupe noti yao ya 10 wakishukuru, na hamjakatana kitu. Toroli la Aldi, lile duka la vyakula, pia linataka kwota japo hiyo unarudishiwa.

DEO: Kabla ya kumwaga chochote popote, angalieni miaka. Kwota na daimu za 1964 kurudi nyuma ni fedha, fedha kweli ile ya pete, asilimia 90. Thamani ya madini yake ni mara nyingi ya ile iliyoandikwa. Unaitambua pembeni, ya kawaida ukiitazama ubavuni ina mstari wa shaba, ya fedha ni nyeupe ubavu mzima. Na mashine mara nyingi inazitema, kwa hiyo ukiona imekurudishia daimu kwenye kile kitundu chini usiiache pale ukadhani mbovu, ichukue usome mwaka.

ZUHURA: Hilo tu limelipa kipindi. Sasa peni, maana wasap imechafuka, watu wanatumiana peni zimefutwa, harakisheni zitakuwa takataka.

DEO: Sio kweli. Kilichotokea ni kwamba wameacha kuzitengeneza kwa ajili ya mzunguko, za mwisho zilipigwa Philadelphia tarehe 12 Novemba 2025, baada ya kuzitengeneza tangu 1793. Sababu ni gharama, peni moja ilikuwa inawagharimu senti 3.69 kuitengeneza, hasara tupu. Lakini zilizopo ni hela halali mpaka leo, hakuna tarehe ya mwisho iliyotangazwa ya kuzirudisha. Ila maduka mengine ukilipa taslimu yanakadiria kwenye senti 5 iliyo karibu kwa sababu peni za kukurudishia hazitoshi.

ZUHURA: Kwa hiyo mtu asikimbie kukatwa 13 kwa mia kwa sababu ya hofu ya wasap. Tulia, funga karatasi zako, peleka benki.

DEO: Na ukifika dirishani usichukue noti ilimradi noti, hasa kama unasafiri. Omba za 100 au 50. Dar ukienda na noti za dola 1, 5, 10, 20 wanakununulia kwa bei ya chini kuliko za 50 na 100, na noti za zamani wengine wanazikataa kabisa. Mwambie keshia nataka 100 mpya, zile zenye mstari wa bluu zilizoanza kutoka 2013, zisiwe zimeandikwa kalamu wala kuchanika.

ZUHURA: Keshia hashangai, ukiomba kwa ustaarabu anakuchagulia. Na usizikunje, weka katikati ya kitabu ndani ya begi la mkononi, sio begi la kupakia. Haya Deo, kuna dada kutoka Houston ametuma sauti anauliza kuhusu kutuma hela kwa simu, tumsikilize.