Cheni Mpya, Meno Kuukuu

OUMA: Karibuni tena. Naliaka, leo siasa zingoje. Nataka tuongee cheni ya pikipiki.

NALIAKA: Nilijua. Wiki nzima unanitumia picha za sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni.

OUMA: Jumanne napanda mlima wa Riat hapa Kisumu, nimebeba mama mmoja na gunia lake la viazi. Kabla ya Kiboswa nasikia ka! ka! ka! Nikiongeza moto, injini inalia, pikipiki haisongi. Cheni inaruka meno. Na ni mpya!

NALIAKA: Cheni mpya, sproketi zile zile. Ile ya nyuma meno yamechongoka, yamelala upande mmoja kama pezi la papa. Yamelika kwa kipimo cha cheni kuukuu. Mpya itakaaje hapo?

OUMA: Lakini cheni hairefuki kwa kuvutwa, watu waelewe. Ni pini na bushi, vile vibomba pini inamozungukia, zinalika ndani. Cheni ya saizi 428, kila pingili ni milimita 12.7. Zikilegea zote kidogo kidogo, pingili mia na kitu, unaona urefu wake.

NALIAKA: Ivute cheni kwa kidole kule nyuma kabisa ya sproketi ya nyuma. Ikiinuka ukaona nusu ya jino, imekwisha.

OUMA: Sasa Riat. Kuna vijana pale Mamboleo wameweka sproketi ya meno 13 mbele badala ya 14.

NALIAKA: Ouma, tulikuwa na ratiba.

OUMA: Ngoja, hii ni tamu. Nyuma 42, mbele 14: ya mbele izunguke mara 3 ndipo gurudumu lizunguke mara 1. Ukiweka 13 inakuwa 3.23. Mlima unaupanda na mzigo bila kuua klachi.

NALIAKA: Na ukishuka mjini injini inapiga kelele, mafuta yanaisha. Halafu sproketi ndogo inakunja cheni zaidi, inaila haraka.

OUMA: Anayeshinda Riat hajali mwendo wa mjini.

NALIAKA: Na anayeshinda Kondele? Mimi pikipiki yangu inafanya kazi Kondele.

OUMA: Abaki na 14! Nani amemkataza?

NALIAKA: Sawa. Lakini iwe 13, iwe 14, nunua seti nzima. Cheni, ya mbele, ya nyuma, siku moja.

OUMA: Hapo sikubali. Kijana wa steji ana pesa ya mwenye pikipiki, petroli, unga. Anunue cheni leo, sproketi mwisho wa mwezi.

NALIAKA: Mwisho wa mwezi ananunua cheni nyingine.

OUMA: Lakini huo mwezi amekula.

NALIAKA: Amekula cheni! Na ikikatika ikafunga gurudumu akiwa na abiria, je? Mimi mwenye pikipiki nanunua seti, namkata pesa kidogo kidogo.

OUMA: Wenye pikipiki wangapi wako hivyo, dada?

NALIAKA: Basi sema na wao, usimfundishe kijana kununua nusu.

OUMA: Simfundishi. Nasema anavyoishi.

NALIAKA: Dakika mbili zimebaki. Kupaka oili na kunyoosha gurudumu hatujagusa.

OUMA: Klipu basi, ile inayofunga kiungo cha cheni! Upande uliofungwa uelekee cheni inakokwenda, ule wazi ufuate nyuma. Ikigeuzwa inachomoka.

NALIAKA: Hiyo tumekubaliana. Oili wiki ijayo.

OUMA: Wiki ijayo narudi kwa 13.

NALIAKA: Wiki ijayo ni oili, Ouma.