Kifunge Hicho Kitabu: Maongezi na Waliokwama Kusoma

Haya jamani, tukae. Mliowahi kunisikia mnajua naelekea wapi, naomba msiwaharibie wageni. Sitaanza na faida za kusoma, sijui kunapanua akili, hayo mmelishwa tangu shule na sijaona mtu aliyerudi kwenye riwaya kwa sababu kaambiwa ina faida. Aliyekwama faida anazijua zote, ndo zinamkosesha raha.

Naongea na yule aliyekuwa anasoma. Anapenda riwaya za kifasihi, zile za kutafuna, halafu miezi inapita hajamaliza hata moja, anarudia ukurasa uleule, jicho linapita maneno hayaingii. Dawa yangu ni moja na nimeisema mpaka watu wanainuka nikianza: kitafute kitabu kilichokukwamisha, kifunge, kirudishe kabatini.

Kuna jamaa yangu, simtaji, mnanijua. Msomaji hasa. Akakamatwa na riwaya moja nene, imeshinda tuzo, kila mtu anaisifia, akaiweka kando ya kitanda, akaihamishia kwenye begi, akaitoa kwenye begi akairudisha kitandani, kipande cha karatasi alichoweka kama alama hakisogei. Na hashiki kingine! Ameshajiapiza, mpaka amalize hicho. Kwa hiyo kila akitaka kusoma anakiangalia, kinamwangalia, anachukua simu. Nikamuuliza, ndani kuna mtu yeyote unayempenda, unataka kujua yatamkuta nini? Akafikiri weee, akaniambia, "Kuna mbwa." Mbwa! Mbwa mwenyewe anapita sura ya pili, hatokei tena. Nikamwambia bwana wee, funga. Akasema hapana, nimeshafika mbali. Umefika mbali wapi, na wewe umekaa palepale? Tukabishana sana. Mwisho mke wake akakichukua kile kitabu, akakimaliza upesi, akakipenda, mpaka leo anamsimulia mumewe mezani bila kuombwa. Kitabu hakina ubaya wowote, ni kwamba nyota zao hazikuendana, na yule bwana alipoona kimeondoka mbele ya macho yake ndo akaanza kushika vingine.

Namuona mzee pale nyuma anatikisa kichwa. Unataka kusema kuacha kitabu katikati ni tabia mbaya. Sasa nani kasema? Daniel Pennac, mwandishi wa Ufaransa na aliwahi kuwa mwalimu, mwaka 1992 alitoa kitabu chenye haki 10 za msomaji, na ya kwanza kabisa ni haki ya kutosoma. Ya pili kuruka kurasa, ya tatu kutomaliza. Mwalimu huyo! Sasa wewe uliyejinunulia kitabu mwenyewe, hakuna mtihani, unamwogopa nani?

Pingamizi la pili naletewa kila mara: kwa hiyo mwalimu unataka tusome vyepesi. Hapana, sikilizeni vizuri. Nasema kinachovuta, na kinachovuta siyo lazima kiwe chepesi. Chukua Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951. Wengi mliisoma shuleni mkaichukia kwa sababu mliambiwa mtafute dhamira. Isome sasa bila dhamira. Karama kashtakiwa, Majivuno anamwandama, na yeye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe 6 waliotumwa nchi za mbali. Hadithi ndani ya kesi. Usiku mmoja mjumbe mmoja, unalala. Na asikwambie mtu kusoma kidogokidogo siyo kusoma, maana Dickens, yule mwandishi wa Uingereza, riwaya yake ya kwanza ilianza kutoka 1836 kwa vipande vya kila mwezi na watu walisubiri mwezi mzima wakiwa na hamu vilevile.

Au Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, 1999. Humo Yasmini, binti mdogo, kaozwa kwa Bwana Raza ambaye umri wake ni wa baba yake, na kabla hujajiweka sawa kwenye kiti keshamkimbia, na wewe unataka kujua atafikia kwa nani. Siasa zimo, ukoloni umo, mapenzi na Denge yamo, lakini kinachokufungulisha ukurasa ni Yasmini. Kuna chepesi hapo? Hata ukitaka upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, 1960, mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, Kiswahili kinateleza mpaka unasahau kuna maiti.

Ila onyo, na hili wananikosea sana: msichague kwa wembamba. Mtu anasema nimekwama ngoja nichukue kifupi, anachukua Nagona ya Kezilahabi kwa kuwa ni kijitabu, kesho ananipigia simu analalamika. Nagona naipenda mno, lakini pale huna pa kushika, mambo yanaenda kama ndoto, unatakiwa uje na nguvu zako. Wewe nguvu ndo huna.

Namna ya kujaribu: usisome ukurasa wa kwanza. Ule kila mwandishi kaung'arisha, mhariri naye kapitia mara kumi. Fungua katikati popote, soma kurasa mbili humjui mtu yeyote. Sauti ikikushika, rudi mwanzo. Isipokushika, usijilazimishe eti kitakolea mbele, mwandishi wa kukolea mbele mpe nafasi ukiwa mzima.

Naonyeshwa saa huku. Nilitaka kuongelea hadithi fupi, sitaweza, Chekhov, yule Mrusi bingwa wa hadithi fupi, mkampe nafasi na msimalize kitabu chote kwa mpigo. Kubadili lugha pia kunasaidia: Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobel ya fasihi 2021 watu wakavamia riwaya yake Paradise kwa Kiingereza kama wajibu wa kitaifa, wakakwama, wakati tangu 2022 ipo Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, inasomeka vizuri tu. Kurudia kitabu ulichokipenda zamani, ndiyo, inahesabika. Vitabu vya kusikiliza navyo ndiyo, acheni ugomvi huo, tenzi zilighanwa watu wakasikia kwa masikio na hakuna aliyewaambia hawajapata fasihi.

Maswali mafupi tafadhali, siyo hotuba. Na yule dada ambaye kila mwaka ananiuliza kama anaruhusiwa kusoma mwisho kwanza, anaruhusiwa, akae.