Mguu usiouma ndio wa kuutazama
Mhadhara kwa wagonjwa wa kisukari na jamaa zao, Langoni, Lamu

Assalaam aleikum, mama zangu, baba zangu, na nyinyi vijana mliowasindikiza wazee. Mmetoka na jua hili la baada ya Alasiri, Mungu awalipe kheri. Najua wengi mmekuja kusikia habari za chakula: wali tule au tusile, na mahamri je? Tutafika. Lakini mimi muuguzi wa kliniki ya sukari, kinachoninyima usingizi si wali. Ni miguu.

Sukari ikikaa juu kwenye damu miaka na miaka, huharibu mishipa ya fahamu, na ile mirefu kuliko yote ndiyo hutangulia, yaani inayoshuka mpaka vidoleni mwa miguu. Mwanzo mtu huhisi nyayo zinachoma, hasa usiku. Halafu huja ganzi. Kisha hahisi kitu, na hapo hufurahi akidhani amepona. Hajapona, mama zangu. Mguu umepoteza mlinzi wake, kwa sababu maumivu ndiyo yanayokwambia umekanyaga kitu. Na wakati huohuo mishipa ya damu imekuwa myembamba, kwa hivyo kidonda kikiingia, damu ya kukiponya haifiki ya kutosha.

Mzee mmoja wa bahari alikuja kliniki akilalamikia macho, anaona ukungu. Nikamwomba avue makubadhi. Chini ya kidole gumba, katikati ya sugu, palikuwa na kipande cha gamba la chaza, kama punje ya mchele, na kando yake pamevimba, panatoa majimaji. Nilikichomoa kwa kibano, na yeye akaendelea kunihadithia bei ya kamba bila hata kukunja uso. Alikuwa akitembea nacho hakuna ajuaye tangu lini.

Sasa sikilizeni. Sisi tunatia udhu mara tano kwa siku. Kila mara mkono unafika mguuni, na wengi wetu tunapitisha kidole baina ya vidole kama sunna ilivyo. Basi ninachoomba ni jicho lifuate mkono. Si mara zote tano. Chagueni udhu wa Alasiri, kungali na mwanga. Tazama juu, tazama baina ya vidole, tazama kisigino kama kimepasuka. Unyayo kama huuoni kwa sababu ya mgongo au macho, weka kioo kidogo sakafuni, au mwite mjukuu akutazamie. Tafuta wekundu, lengelenge, mkwaruzo, mahali penye joto kuliko pengine. Ukimaliza, kausha kwa kitambaa, na baina ya vidole usipasahau, maana unyevu ukibaki pale huleta fangasi, na ngozi ikichanika ndio mlango wa vijidudu. Mafuta ya nazi pakeni juu na chini ya mguu ngozi isipasuke, lakini si baina ya vidole. Kina mama, hina ni pambo letu na sisemi muiache, ila chini ya hina wekundu hauonekani, kwa hivyo pitisheni mkono mhisi joto na uvimbe. Piko la kuchanganya na dawa ya nywele liacheni kabisa. Linaweza kuunguza ngozi.

Mji wetu tunautembea kwa miguu, na kwa mwenye kisukari hiyo ni neema, kwani kutembea hushusha sukari. Lakini vichochoro vyetu vina vigae, misumari na mawe makali, na mchanga wa Shela saa sita mchana huunguza mguu usiohisi. Usitoke pekupeku hata kwenda kwa jirani. Kandambili haikingi vidole. Kiatu kilichofunika mbele ni bora, na kikung'ute kabla ya kukivaa. Msikitini, unakoacha viatu mlangoni, vaa soksi safi nyeupe. Nyeupe, ili damu au usaha ukitoka uone. Maji ya moto ya kuoga yapime kwa kiwiko, si kwa mguu. Kucha kata moja kwa moja, usichimbe pembeni. Sugu usiiguse kwa wembe.

Na ukikuta kidonda, hata kidogo, kioshe kwa maji safi na sabuni, kifunike kwa kitambaa kisafi kikavu, uje hospitali siku hiyohiyo au kesho yake. Unga wa kahawa, majivu, dawa ya meno, vyote hivyo tunavikuta kwenye vidonda, na vyote vinatuchelewesha. Miguu mingi inayokatwa ilianza na lengelenge ambalo mwenyewe aliliona dogo.

Chakula. Gawa sahani: nusu mboga, robo samaki au maharagwe, robo wali au mkate wa mofa. Asali na tende zinapandisha sukari, tusijidanganye kwa baraka zake. Tende moja ya kufuturia inatosha wengi.

Nimesema kufuturu, basi nizungumze Ramadhani. Mgonjwa amepewa ruhusa ndani ya Kurani yenyewe, Suratul Baqara, alipe siku nyingine. Naona watu wanaificha ruhusa hii kama aibu, na inaniuma. Anayetaka kufunga asingoje Shaaban. Aje Rajabu tupange dawa pamoja, kwa sababu saa zake na vipimo vyake hubadilika. Kujidunga kidole kupima sukari hakuvunji saumu, wanazuoni wengi wamesema hivyo. Sukari ikishuka chini ya 3.9 kwa kipimo cha mmol/L, au ikipanda juu ya 16.7, fungua, iwe Adhuhuri au dakika kumi kabla ya Magharibi. Ukitetemeka, jasho likikutoka, moyo ukienda mbio, pima ukiweza. Usipoweza, kunywa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, ngoja dakika 15, rudia kama hujapata nafuu. Aliyepoteza fahamu msimtilie kitu kinywani, mkimbizeni hospitali.

Wanaodunga insulini, neno moja. Chupa ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8. Uliyokwisha kuifungua hukaa nje kama wiki nne, penye kivuli. Umeme ukikatika, wengine huichomeka kwenye barafu ya samaki. Msifanye hivyo. Insulini ikiganda imeharibika, na ikiyeyuka huwezi kuijua kwa macho. Ifungeni kwa kitambaa, isigusane na barafu.

Maswali nitayapokea tukiwa tumeketi. Wenzangu wako mezani pale na uzi mgumu wa plastiki. Utafumba macho, watakugusa nao chini ya mguu, useme kila ukihisi. Ni dakika chache, na kila mwenye kisukari apimwe hivi angalau mara moja kwa mwaka. Kina mama upande wa pazia, kina baba huku. Vueni viatu, na soksi pia.