Kabla ya Wati, Ulizeni Kama Inaelea

Ndugu zangu manahodha, mkienda kununua redio ya mkononi ya kuitana baharini swali lenu la kwanza ni lile lile: ina wati ngapi? Wati, wati! Nitazifikia. Mwenyekiti, naomba ile ndoo.

Redio hizi mbili zote zimeandikwa IPX7. Yaani zinahimili kuzamishwa mita moja kwa nusu saa bila maji kupenya. Haya, natumbukiza ya kwanza. Hiyo hapo, inacheza juu. Na ya pili? Inameni muione. Imekaa chini, taa inawaka, haijaingia hata tone, maandishi yake hayakudanganya. Sasa maji haya yangekuwa Mkondo wa Pemba, kina mamia ya mita. Huko chini ingemfaa nani, chewa? IPX7 haikuahidi kuelea. Kuelea huandikwa peke yake, na muuzaji hasemi mpaka aulizwe. Ulizeni. Mkifika nyumbani ijaribuni wenyewe ndani ya ndoo, betri ikiwemo, maana zipo zinazoelea kwa betri hii na kuzama kwa ile.

Najua kuna atakayesema, "Mwalimu, mimi naifunga kamba." Vizuri, lakini umeifunga wapi? Ukiifunga kwenye boti, boti ikipinduka imekwenda nayo. Ifunge kwenye jaketi la kuokolea, nalo liwe mwilini. Wapo hata wanaoifungia sandukuni isilowe. Jamani! Umelipia redio ya majini, unaificha maji?

Mwingine ananionyesha simu. Simu inampata mtu mmoja, tena huenda amelala. Chaneli 16 ya redio, ile ya dharura na kuitana, inasikiwa na kila chombo cha jirani kinachoisikiliza, meli ya mizigo, boti ya abiria, hata mvuvi mwenzako usiyeelewana naye.

Haya, wati. Ziwe 5 au 6, hamtaona tofauti. VHF, yaani masafa ya redio hizi, inataka antena zionane. Mkikaa wawili kwenye mashua, antena zenu mita moja juu ya maji, mtasikizana kama kilomita 8. Meli yenye antena mita 16 juu inaweza kukusikia kwenye kilomita 20. Kwa hiyo inua mkono, antena isimame wima, na acha kubishana na muuzaji juu ya wati moja.

Betri: tafuteni yenye kisanduku cha kutilia betri kavu za dukani. Chumvi: suuzeni kwa maji baridi kila mkirudi, hasa vile vyuma vya kuchajia.

Mwenyekiti anaonyesha saa, na kitufe chekundu cha DSC, kile cha kuomba msaada kidijitali, sijakigusa. Kwa kifupi, redio yenye DSC na GPS hutuma yenyewe mahali ulipo, ila lazima iwekwe kwanza namba ya MMSI, yaani namba ya utambulisho wake. Leseni, nendeni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Anayetaka kujaribu redio amwite mwenzake, kisha wahamie chaneli nyingine. Si kuita Mayday, wito wa anayekufa maji! Aliyefanya hivyo yumo humu, na anajijua.