Nyumba za Main Street Jinja: ukuta mmoja, wenyewe wawili

Asanteni kwa kuja wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni ingieni tu, nafasi ipo. Leo siongei mambo ya bwawa wala chanzo cha Nile, nataka tuongee kuhusu zile nyumba za Wahindi tunazipita kila siku pale Main Street juu ya boda bila hata kuinua macho.

Mkiinua macho mtaona kile kiukuta cha juu kinachoficha mabati, na kwenye nyingi fundi ameumba kwa plasta jina la familia na mwaka wa kujenga. Mi nasoma zile sura za nyumba tangu niko mtoto.

Waliojenga wengi asili yao Gujarat, kule India. Reli ilifika Kisumu 1901, mizigo ikawa inavuka ziwa kwa meli, na wakati huohuo makao ya serikali ya Busoga yakahama Iganga yakaja hapa, basi wafanyabiashara nao wakaja, kina Alidina Visram ambaye alianzia Bagamoyo na mpaka anafariki 1916 alikuwa na maduka kila upande wa Uganda. Halafu 1912 ikaja reli ya Jinja mpaka Namasagali, bandari ya mto Nile, ikabeba pamba, na pamba ndo ilijenga mji.

Sasa nyumba yenyewe. Mbele nyembamba, ila inaenda nyuma mbaaali. Kwanza baraza yenye nguzo, mteja asinyeshewe, kisha duka, nyuma ya duka vyumba vya familia, halafu ua wa wazi, jiko, choo, na kichochoro cha kutolea uchafu. Kwa nini ua? Kwa sababu pembeni huwezi kutoboa dirisha, kule ni kwa jirani! Mwanga na hewa vinatoka mbele na uani tu, ndo maana dari ziko juu hivyo na matundu ya hewa yako karibu na dari, joto lipande litoke.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Ule ukuta wa kati ni mmoja, una wenyewe wawili. Boriti za huyu na boriti za yule zimelala juu ya ukuta huohuo. Kwa hiyo mtu akivunja yake ajenge ghorofa ya vioo, ya jirani inabaki na ubavu wazi, matofali ambayo hayajawahi kuona mvua yanaanza kunyonya maji, na msimu wa pili unaona nyufa. Nimeingia kwenye nyumba kama hiyo, mama wa watu ameweka mabeseni chumbani, iliniuma sana.

Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Nyumba zikagawiwa, waliopewa wengi hawakujua kama zitabaki zao, sasa nani atatengeneza paa la nyumba asiyo na uhakika nayo? Sheria ya kurudisha mali ilikuja 1982, lakini wenyewe walianza kurudi kwa wingi miaka ya 90, wakakuta miaka ishirini ya mvua imeshapita ndani.

Tena kuna kosa tunalifanya mpaka leo kwa nia nzuri kabisa. Ukuta wa zamani ni matofali ya kuchoma na chokaa, unapumua, unyevu unaingia na kutoka. Fundi anakuja anapaka simiti juu, inang'aa mwezi mmoja, unyevu unafungiwa ndani, rangi inababuka, tofali linageuka unga. Mwenye nyumba ya hivyo asiongeze simiti nyingine, aitoe taratibu kwa patasi, aache ukuta ukauke kiangazi chote, ndo apake chokaa.