Kama Hujafungua Alichoandika, Hujamlea

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu maintani, madaktari mlio kwenye mafunzo kazini, habari za kazi. Nashukuru mmefika wengi, najua kuna waliotoka zamu ya usiku wakapitiliza moja kwa moja mpaka hapa, na kuna waliotoka Kongwa na Mpwapwa alfajiri, kwa hiyo sitazunguka sana.

Nimeombwa niongelee namna ya kuwalea madaktari wapya kwenye hii afya ya kidijitali. Naanza na sisi wakubwa, maana kuna kauli naisikia karibu kila hospitali: hawa watoto wamekua na simu mkononi, kompyuta wanazijua kuliko sisi, tuwafundishe nini? Basi tunamkabidhi kijana sistimu, ile ya kompyuta ya kumbukumbu za wagonjwa, tunampa paswedi, wakati mwingine paswedi yetu wenyewe, halafu tunaendelea na raundi ya wodini. Mimi hapo nakataa kabisa. Kijana anajua kubonyeza, sawa. Lakini abonyeze ugonjwa gani kwa mgonjwa gani, na alichobonyeza kinaenda wapi baada ya hapo, hiyo ni tiba jamani, na tiba mtu anafundishwa na aliyemtangulia.

Kuna kituo kimoja, sitakitaja, nilikaa na intani mmoja, dada makini kweli, tukafungua wagonjwa aliowaona asubuhi ile. Kuna mtoto wa miaka mitatu, kaletwa na bibi yake kutoka upande wa Bahi, homa siku ya nne, kipimo cha malaria hasi, lakini kwenye sistimu ugonjwa ulioandikwa ni malaria. Nikamuuliza, mbona hivi? Akanijibu kwa adabu kabisa, "Dokta, nisipoweka ugonjwa wa kuanzia hainiruhusu kutuma kipimo maabara, na malaria nikiandika herufi mbili tu inakuja juu, nilikuwa nimepanga nirudi kubadilisha." Hakurudi. Foleni ilikuwa imejaa mpaka nje. Bahati nzuri bibi na mjukuu walikuwa bado wanasubiri dirisha la dawa, tukawaita, tukamfungua mtoto shati, tukahesabu pumzi pamoja dakika nzima kwa saa ya ukutani, zikafika 52. Kwa umri ule kuanzia 40 tayari anapumua haraka, na ukimwangalia vizuri kifua kilikuwa kinabonyea kwa chini. Nimonia. Sasa yule dada sio mzembe, kuhesabu pumzi anajua vizuri tu, shida ni kwamba tangu aanze kazi pale hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kufungua alichoandika akakaa naye.

Na ile malaria haikuishia kwenye kile chumba. Wale wa zamani mnakumbuka MTUHA, vile vitabu vya taarifa za huduma za afya, kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje, tulikuwa tunajumlisha kwa vidole mwisho wa mwezi. Siku hizi namba zinapanda DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, wilaya inaziona, mkoa unaziona, wizara inaziona, na dawa za mseto za malaria zinaagizwa kwa kuangalia matumizi na idadi hizo hizo. Dodoma yetu ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchi hii, hapa sio Tabora wala Kigoma. Na WHO tangu 2010 wanasema pima kwanza ndo utibu. Maintani wakiwa wengi na kila mmoja ana malaria zake za "nitarudi kubadilisha", mwisho tunatengeneza mkoa mwingine kwenye takwimu, mkoa ambao haupo.

Halafu kuna magonjwa ambayo orodha ya sistimu haiwezi kukukumbusha. 2016 hapa Dodoma na jirani zetu Manyara watu walianza kuumwa tumbo, wanatapika, macho ya njano, matumbo yanajaa maji. Ilikuja kuthibitika ni sumukuvu, sumu ya ukungu, kwenye mahindi, watu 68 waliugua na 20 kati yao tuliwapoteza. Sasa jiulize, intani wako leo akikutana na mtu wa Chemba ana manjano, na mtoto wa nyumba hiyo hiyo naye ana manjano, kwenye kompyuta atachagua "homa ya ini" na atakuwa hajakosea sana, lakini nani atamwambia aulize mnakula nini nyumbani, mahindi mmehifadhi wapi, yalinyeshewa? Hilo swali halina kitufe. Analipata kwako wewe uliyekuwepo, na analipata ukiwa umekaa pembeni yake, sio ukimtumia PDF ya kurasa themanini saa sita usiku.

Kwa hiyo naomba raundi isiishie kitandani. Ukimaliza, vuta kiti, fungua rekodi mbili tatu za kijana wako, muulize hii historia ni ya leo au umekopi ya juzi ukabandika? Maana kukopi na kubandika kumezidi, unakuta mgonjwa ametolewa mpira wa mkojo tangu Jumatatu, kwenye maelezo mpaka Ijumaa bado anao. Usimfokee. Muulize tu, kesho akiingia daktari mwingine usiku, hamjui huyu mama, akisoma hapa atamtibu nani?

Na tuangalie vile vyumba vyetu. Vingi kompyuta imewekwa ukutani kwa sababu soketi ndo iko pale, daktari anampa mgonjwa mgongo. Mama wa watu anaongea na kisogo. Waombeni watu wa TEHAMA waya mrefu, meza igeuzwe, hata kabla hamjaomba sistimu mpya.

Kwenye simu ndo kuna mambo zaidi. Haya magrupu ya WhatsApp yanaokoa watu, nayaunga mkono, kijana yuko kituo cha afya ndani huko, bingwa yuko mjini, picha ya ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, inakuja ndani ya dakika moja. Lakini mara nyingi picha inakuja na jina la mgonjwa, namba ya faili na sura yake yote, na chini ameandika "wakuu msaada". Msaada wa nini? Tuwafundishe kuomba ushauri: umri, anaumwa tangu lini, presha, mapigo, pumzi, oksijeni, nimeshafanya hiki, swali langu ni hili. Jina na sura vitoke. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022 na imeanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ya mtu ni kati ya zile nyeti. Na paswedi ndo hapo hapo, ukimwazima intani ya kwako, kila atakachoandika kimeandikwa na wewe, na yeye anajifunza kwamba kusaini kwa jina la mwenzake ni kawaida.

Ila na sisi tupokee simu. Huwezi kumwambia mtoto "uliza ukikwama" halafu saa nane usiku simu inaita mpaka inakata. Kuna m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, mtu anapiga 115, dereva wa jamii au ambulansi inatoka kijijini na mama mjamzito anayevuja damu, na anayempokea mlangoni kwako mara nyingi ni intani. Teknolojia imeshafanya kazi yake mpaka getini, kuanzia pale anakuhitaji wewe.

Umeme ukikatika au neti ikigoma, karatasi zitumike, saa halisi iandikwe, ziingizwe baadaye na aliyemuona mgonjwa mwenyewe. Hilo halina mjadala mrefu.

Wadogo zangu, na nyie msisubiri kuitwa. Mfuate bingwa wako na laptopu, mwambie, "Dokta naomba unisomee hii dakika tano." Akikataa leo mfuate kesho, ni haki yenu, mnalelewa na mnatakiwa mlelewe.

Mimi nitabaki hapa mpaka saa nane, nina sistimu ya mazoezi kwenye laptopu yangu, haina mgonjwa wa kweli hata mmoja, anayetaka tukae tupitie aje na bosi wake, waje wawili wawili. Sasa maswali. Naona mkono pale dirishani, karibu dada, anza wewe.