Barabara Iliyouzunguka Mji: Birmingham Ikitazamwa kutoka Kigoma

ZAINABU: Karibuni wasikilizaji wetu wa Kigoma na kwingineko. Leo tunazungumzia barabara ya mzunguko na mitaa ya zamani, na kaka Sadiki ametuletea mfano wa Birmingham, Uingereza.

SADIKI: Ahsante, dada Zainabu. Nimeuchagua mji huo kwa sababu wakazi wake waliiona barabara ikijengwa, kisha wakaiona sehemu yake ikibomolewa. Bunge liliidhinisha mradi mwaka 1946, enzi za Mhandisi wa Jiji Herbert Manzoni. Ujenzi ukaanza mwaka 1957 na kukamilika mwaka 1971.

ZAINABU: Aliyeifungua ni Malkia Elizabeth wa Pili, na inasimuliwa kwamba jina la Queensway, lililokusudiwa handaki moja tu, yeye alilitamka kana kwamba ni la barabara nzima.

SADIKI: Nani angethubutu kumsahihisha? Lakini mitaa yenyewe ilibadilishiwa zaidi ya jina. Mtaa wa mafundi wa bunduki, Gun Quarter, ulikuwa na karakana ndogondogo zilizokaribiana kwa sababu za kikazi: huyu alitengeneza mtutu, yule kitako, mwingine kifyatulio, na kazi ilipita mlango hadi mlango mpaka bunduki ikakamilika. Barabara ilipopita, sehemu kubwa ya mtaa huo ilivunjwa.

ZAINABU: Hapo tutue kidogo. Mwenye nyumba akishalipwa fidia, watu hudhani hesabu imefungwa, ilhali fundi anaweza kupata chumba kingine asimpate jirani wa kumkabidhi kazi.

SADIKI: Na ambao hawakuvunjiwa nao waliguswa. Njia ya juu iliachiwa magari, mtembea kwa miguu akateremshwa kwenye vivuko vya chini ya ardhi, hata akiwa mzee wa mkongojo au mama mwenye kigari cha mtoto. Wenyeji wakaipachika barabara jina la kola ya zege, kwa jinsi ilivyoukaba mji.

ZAINABU: Kwetu reli ilifanya jambo linalokaribia hilo. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, haikuvunja Ujiji. Iliishia kwingine tu, na mji uliokuwa kituo kikuu cha misafara ukajikuta pembeni, kilomita chache kutoka stesheni na gati.

SADIKI: Ndiyo maana hunishangaza kwamba mazungumzo yetu ya barabara huishia kwenye alama ya X inayochorwa kwenye nyumba zilizo ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili yake. Tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Mwenye X ya kijani husubiri fidia, mwenye nyekundu huambiwa abomoe. Ni haki kuyauliza hayo, lakini ni nani huuliza mchuuzi wa dagaa anayetoka mwalo wa Kibirizi na tenga lake atavukia wapi?

ZAINABU: Dodoma ina mradi wa barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112.3, inayopita mbali na katikati ya jiji. Hiyo si afadhali?

SADIKI: Ni afadhali, ingawa barabara ya mbali nayo huvuta vibanda, gereji na nyumba za wageni, hatimaye mji ukaifuata. Birmingham waliibana katikati, na kufikia mwaka 2002 walikuwa wakibomoa Masshouse, makutano ya mzunguko yaliyoinuliwa juu kwenye barabara hiyo, ili watu waelekee mashariki kwa miguu bila kupita chini ya ardhi.

ZAINABU: Kwa hiyo walilipia kuijenga, wakalipia na kuibomoa.

SADIKI: Na mara zote mbili mlipaji alikuwa mlipakodi.